Tulivyompeleka Binti wa Mhunzi Kangari

Tangu nirudi, kazi haifanyiki. Mtu anakuja kumpimia mtoto sare ya shule, nikishika tepu tu ananiuliza, "Nyaguthii, ati yule mzungu alimfanya nini Mzee Gatheru?" Nikimaliza kumsimulia huyo, anaingia mwingine aliyesikia hadithi tofauti sokoni, ati mzee alimfukuza mgeni na jembe, ati kondoo aliletwa na ndege kutoka Ulaya. Ala! Nimechoka. Naandika mara moja, msome, mniache nishone.

Kwa wasiotujua, nyumbani tulizaliwa watatu. Mkubwa ni Gatheru, anayekaa Kangari na majani chai yake. Wa pili alikuwa Muriithi, aliyefariki kijana, akaacha binti mchanga anayeitwa Wangari. Wa mwisho ni mimi, na Wangari nimemlea mimi, hapa hapa Nyeri, katikati ya vitambaa. Leo ni daktari wa mifugo Nanyuki, na amependana na daktari mwenzake, kijana wa kutoka Ireland anayeitwa Conor McGowan.

Ruracio, mazungumzo ya mahari, ilipangwa Jumamosi, kwenye boma letu la Giakanja. Sasa mnajua desturi: wazazi wa kijana wanakuja kuongea na wazazi wa msichana, na anayeketi mahali pa baba ni baba. Muriithi hayupo, kwa hiyo ni Gatheru. Bila yeye hakuna mazungumzo na hakuna harusi, na Wangari alikuwa ameniambia mimi shangazi yake waziwazi, "Tata, baba mkubwa akikataa, mimi siolewi. Sitaanza nyumba yangu na ugomvi." Naye Gatheru alikuwa ametuma neno moja tu. Hataketi na watu ambao hajui ni wa mbari gani. Waletwe Kangari kwanza, awaone kwa macho yake.

Vijana wenyewe hawajiombei, hilo mnalijua. Ilibidi twende sisi wakubwa.

Nanyuki: kondoo na babu za Abdi

Habari za tikiti na visa sitazigusa. Naanzia barazani kwa Conor, ambapo nilimkuta Noreen McGowan, shangazi yake, dada ya marehemu baba yake. Ndiye aliyemlea, kama mimi nilivyomlea Wangari. Mama wa miaka sabini hivi, mwembamba, nywele nyeupe zilizonyooka, gambuti miguuni, anakunywa chai ya maziwa na sukari nyingi. Hapo hapo nikampenda.

Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kustaafu, na ugonjwa wake ni mmoja: majina ya ukoo ya watu wa kwao. Wengine hukusanya stempu, yeye hukusanya majina. Kabla sijaketi vizuri alishaniuliza jina langu lina maana gani. Nikamwambia ni mtu wa kutembea sana, na kwamba walionipa walikosea, kwa sababu mimi nikifika Karatina tu mgongo unauma. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Tuliongea Kiingereza, chake cha mbio, changu cha shule, lakini nawaandikia kwa Kiswahili tuelewane.

Dereva wetu alikuwa Kennedy, jirani yangu mwenye pikapu. Noreen aliposikia jina, akaweka mikono kifuani.

"Kennedy! Hilo ni letu! Unajua maana yake?"

Kennedy akatabasamu mpaka masikioni. Jina hilo baba yake alilisikia redioni, na tangu utotoni Kennedy amejua kwamba ni la watu wakubwa. "Niambie, mama," akasema.

"Ni maneno mawili ya zamani. Kichwa, halafu mbaya. Mtu wa kichwa kibaya."

Wee! Uso wa Kennedy uliangukaje! Akaenda kukagua gurudumu ambalo halikuwa na shida yoyote.

Tukaenda soko la mifugo kununua kondoo dume aliyenona, zawadi ya wazee. Noreen alikataa kuchaguliwa kondoo na mtu. Amekua na kondoo, alisema, katika kaunti ya Leitrim, ambako mvua haijui kukauka. Akaingia zizini, akawa anawashika migongo mmoja mmoja, na wafanyabiashara wakaacha kazi zao kumtazama. Aliyetuuzia ni mzee mmoja wa ndevu za hina anayeitwa Abdi.

"Mama, hii iko na mafuta mpaka kwa mkia," Abdi alisema. "Lakini mimi siuzi kwa mtu sijui. Jina?"

Noreen akasema lake. Abdi akataka la baba, la babu, la baba ya babu. Kumbe kwao mtoto hufundishwa kuhesabu babu zake kabla ya kuhesabu mbuzi! Akatuonyesha. Abdi wa Hussein wa Gedi wa Roble wa Farah, akaendelea kupanda hivyo mpaka kondoo akachoka, akalala. Noreen naye hakukubali kushindwa. Akasimama wima, akaanza: Noreen wa Paki wa Joni wa Tomasi, kwa sababu hata kwao kijijini, watu wengi wakiwa na jina moja la ukoo, huitana kwa majina ya baba na babu.

Halafu akatupa somo. Jina la Kiayalandi likianza na Mac, ni mwana wa fulani. Likianza na O, ni mjukuu wa fulani. Mwanamke asiyeolewa, kwa lugha yao ya zamani, hasemi Mac. Anasema Nic, binti wa. Nikamwambia sisi husema tu "wa", ikatosha wote, na akaona hiyo ni akili.

"Na huyo babu yenu wa kwanza kabisa," Abdi akauliza, "alikuwa nani?"

"Mhunzi," Noreen alisema, kifua mbele. "McGowan ni mwana wa mhunzi. Mfua vyuma."

Abdi akanitazama. Nadhani hata kwao kuna mambo yanayosemwa kuhusu wahunzi. Mimi nilishika mti wa zizi.

Niwaeleze, hasa nyinyi vijana. Zamani kwetu mhunzi, mturi, aliheshimiwa kwa sababu alitutengenezea panga na majembe, lakini aliogopwa zaidi. Laana ya mturi haikuondolewa na mganga yeyote. Babu yetu sisi, mtu wa hasira, aligombana na mturi mmoja kando ya mto, akamvunjia mivukuto ya kupulizia moto. Mturi akachukua nyundo, akagonga chuma baridi, akasema wanaume wa nyumba hii hawatazeeka. Babu hakuzeeka. Baba yetu hakuzeeka. Muriithi naye hata ndoa hakuwahi kuifurahia vizuri. Gatheru amebaki peke yake, na kila mwaka anauhesabu kama wa kuazima. Ni mzee wa kanisa, anashika Biblia kila Jumapili, lakini jambo la mturi halijabatizwa. Na mimi nilikuwa nampelekea mtoto wa mturi mpaka mlangoni, na kondoo juu.

Karatina: nduma na mpango mbaya

Njia nzima ya Naro Moru Kennedy hakusema neno. Kondoo nyuma alilia, Noreen dirishani aliimba, mimi katikati yao nilikuwa natafuna kucha. Mlima ulikuwa wazi, Noreen akausifu, hakuna aliyemjibu. Akaona, akamgusa Kennedy begani.

"Wataalamu wengine," akasema, "wanasema si kichwa kibaya. Wanasema ni kichwa kilichovaa kofia ya chuma. Kofia ya vita."

"Ya vita?"

"Ya vita."

Pikapu ikaongeza mwendo yenyewe. Toka hapo Kennedy alikuwa wake kabisa, akawa anamwonyesha kila shamba na mwenye nalo.

Karatina tulikula. Nilimwagizia Noreen nduma na chai, nikitaka kumwona anavyohangaika. Hakuhangaika. Aliomba chumvi na siagi, akala vipande vyote, akala na vyangu, kisha akaanza kumhoji mwenye hoteli kuhusu viazi: ni vya wapi, vinapandwa lini, kwa nini vinachemshwa bila maganda. Kwa viazi hana mzaha.

Hapo ndipo nilipomwuliza wanavyowapa watoto majina kwao. Akasema, zamani, mtoto wa kwanza wa kiume alichukua jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama. Niliangusha kijiko. Ni yetu! Ni vilevile! Tukashikana mikono juu ya meza kama wasichana wa shule. Tulipofika kwa mabinti, akasema wa kwanza ni wa mama ya mke.

"Hapana," nikasema, "wa kwanza ni wa mama ya mume."

"Haiwezekani. Mwanamke azae kwa uchungu, halafu jina liende kwa mama mkwe?"

Tukabishana kwa sauti mpaka watu wa meza nyingine wakachukua pande. Wanawake wengi walikuwa upande wake, haki ya Mungu.

Alipoenda kunawa, nikamweleza Kennedy shida yangu, kwa Kigikuyu, upesi upesi. Alijua mara moja uzito wake. Alikuna kichwa chake cha vita.

"Si udanganye tu?" akasema. "Nani atakuwa mkalimani? Ni wewe. Huyu mama hajui Kigikuyu, Gatheru hajawahi kuongea Kizungu. Sema iko na maana ingine."

Nilimkemea. Lakini wazo lilikuwa limeshaingia, likakaa.

Murang'a: mtoto wa Mama Collins

Murang'a tulisimama ili kondoo anywe maji, na mvua ikatufungia ndani ya kibanda cha chai cha Mama Collins. Mnajua sisi na majina haya: Kelvin, Brian, Collins, Kelly, tumeyajaza mitaani bila kuuliza yametoka wapi. Mama Collins alipoambiwa kwamba mgeni ni mtaalamu wa majina, akaacha sufuria motoni.

"Muulize yangu! Collins ni nini? Huyo kijana yangu yuko Nairobi, ni mtu mkubwa."

Nikauliza. Noreen akafurahi. Collins, akasema, wengi walikuwa O wa jina la zamani lenye maana ya mbwa mdogo. Kitoto cha mbwa.

Mama Collins alikuwa amesimama na mwiko, akingoja. Mwiko wenyewe ni wa kusongea ugali wa watu wengi.

"Anasema ni kijana shujaa," nikatafsiri, "ambaye hashindwi kwa mbio."

"Nilijua!" Mama Collins akapiga kelele, na chai ikawa ya bure, na mandazi, na mfuko wa ndizi wa safari. Nilipoona Noreen ameshangaa, nilimweleza nilichofanya, naye akasema si uongo mkubwa. Kwao zamani mbwa wa kuwinda lilikuwa jina la sifa, na mashujaa waliitwa hivyo. Basi kichwa changu kikavimba. Nikajiona mkalimani wa kweli, mtu anayejua kupitisha maneno magumu mahali pembamba. Nikampa Kennedy jicho, Kennedy akanipa dole gumba.

Njia ya Kangari: tope

Ukitoka Maragua kupanda, mashamba yanabadilika, kahawa inabaki chini, chai inaanza, na baridi inaingia mifupani. Mvua ilikuwa imepita hapo kabla yetu. Kwenye kona moja lori la majani chai lilikuwa limelala upande, limeziba barabara yote, na watu wamesimama wakilishauri.

Tulikaa hapo mpaka nikajua ukoo wa kila mtu, kwa sababu Noreen alishuka na kuanza kuuliza. Wachumaji chai wakamzunguka na vikapu mgongoni. Mmoja akamwuliza kama ni kweli kwao kuna watu wanaitwa Mweusi. Wapo, akasema, Duffy, na wako weupe pee. Je, kuna wanaoitwa Mgeni? Wapo, Walsh, babu zao walitoka ng'ambo, wamekaa mamia ya miaka na bado wanaitwa wageni. Hapo kicheko kikubwa kikatoka, kwa sababu karibu kila kijiji chetu kina familia kama hiyo, na mmoja wao alikuwa amesimama palepale, akicheka kwa shida.

Kondoo naye akaona ndiyo nafasi yake. Akaruka, akaingia kwenye chai ya watu. Kennedy kulia, mimi kushoto, viatu vimebaki kwenye tope, Noreen amesimama barabarani anapiga mluzi. Sijui aliupiga vipi. Kondoo akageuka, akamrudia mwenyewe taratibu. Wachumaji wakampigia makofi, kisha wakasukuma lori, halafu wakasukuma na sisi.

Noreen akaingia garini ameloa mpaka kiunoni, anacheka. "Kaka yako atanipenda?" akaniuliza.

"Atakupenda," nikasema. Lakini nilikuwa nimerudia kutafuna kucha.

Kangari: redio ya Gatheru

Kaka yangu alitupokea vizuri, siwezi kumsingizia. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani juu ya gambuti za kukamulia. Akatupa uji wa moto, halafu mukimo na kuku, akahakikisha mgeni amekaa karibu na jiko. Alimtazama kondoo, akambonyeza mkia, akasema "mm", na kwa Gatheru hiyo ni hotuba. Nikaanza kupumua.

Vyombo vilipoondolewa, akafuta mikono. "Nyaguthii, muulize mama. Watu wa kwao ni wa mbari gani? Jina lao limetoka wapi?"

Noreen alikuwa amelingojea swali hilo tangu Nanyuki. Akaeleza yote, Mac na Nic, na Leitrim, na binamu zao wa ng'ambo ya ziwa ambao Waingereza waliwageuza kuwa akina Smith, na mwisho, kwa sauti ya fahari, mhunzi.

Macho yote yakaniangukia. Wangari nilimwona mbele ya macho yangu, nawaambia. Nikapiga moyo konde.

"Anasema ni wakulima wa zamani sana," nikatafsiri. "Na jina maana yake ni watu wa nywele za kujikunja."

Hilo nilikuwa nimeliiba. Ni la ukoo mwingine, Cassidy, alikuwa ametuambia njiani. Kennedy akakohoa. Gatheru akazitazama zile nywele nyeupe, zilizonyooka kama nyasi za paa, kwa muda mrefu.

"Hizi zimejikunja wapi?"

"Ilikuwa zamani."

"Nyaguthii," akasema polepole. "Hiyo redio yangu pale kwa ng'ombe inaongea Kizungu kutoka asubuhi mpaka jioni. Unafikiri inaongea na ng'ombe?"

Ngai! Ardhi ingepasuka ningeshukuru. Miaka yote hiyo sijamsikia akitamka neno moja la Kiingereza, nikadhani anaweka redio kwa kelele tu.

"Huyu mama amesema ni mtoto wa mturi. Hakuficha. Wewe dada yangu, tumenyonya titi moja, ndiye umenificha." Akaweka kikombe chini, akatoka, akaenda kwa ng'ombe wake.

Noreen akaniuliza amesema nini vibaya. Nikamwambia yote, nikilia kwa hasira na aibu: babu, mivukuto, nyundo, wanaume waliokwenda mapema, Muriithi. Nikamwambia safari imeharibika na nimeiharibu mimi, na Wangari hataolewa.

Hakunicheka. Alisema hata kwao mhunzi aliogopwa. Watu waliomba Mungu awakinge na maneno ya wahunzi, na mhunzi aliyedhulumiwa aliweza kuigeuza fuawe, lile pande la chuma analofulia, akamlaani mtu. Lakini maji yake, alisema, yale anayozimia chuma cha moto, watu waliyafuata kutoka mbali, wakawaoshea watoto wagonjwa. Kisha akasimama, akaenda kwa ng'ombe bila kunisubiri. Mkalimani alikuwa amefutwa kazi.

Mimi na Kennedy tukafuata, tukasimama nyuma ya majani ya ng'ombe kama wezi. Nikasikia kaka yangu akiongea Kiingereza, cha taratibu, kilichonyooka kuliko changu.

"Nani anaweza kuiondoa hiyo laana?" Noreen aliuliza.

"Aliyeiweka tu. Ama mtoto wake. Huyo mturi alihama na watoto wake, hatujui walienda wapi. Baba yangu aliwatafuta mpaka akafa."

"Mimi si mtoto wake."

"Najua."

"Lakini ni binti wa mhunzi. Si kwa jina tu. Baba yangu alipiga farasi viatu mpaka vidole vikakataa kukunjika. Nilivuta mivukuto yake nikiwa msichana. Ni mimi tu nimebaki ninayejua alivyofanya."

"Mama, mtu hachezi na mambo haya."

"Sichezi," Noreen alisema. "Mimi pia nimemzika kaka."

Gatheru alimtupia ng'ombe majani. Ng'ombe akatafuna. Halafu kaka yangu akaita, bila hata kugeuka, "Nyinyi wawili hapo kwa majani, leteni karai ya maji."

Kennedy akaleta nyundo kutoka garini. Tukaiweka motoni jikoni, upande wa chuma, tukapuliza mpaka ikawa nyekundu. Noreen akaishika kwa koleo, na jinsi alivyoishika ulijua si mara ya kwanza. Akaizamisha. Maji yakalia, mvuke ukajaza jiko lote. Akasema maneno ya kwao, marefu, sauti imeshuka. Akachovya tawi, akamnyunyizia Gatheru kichwani na mabegani, akaninyunyizia mimi, akamnyunyizia na Kennedy aliyekuwa amejisogeza asikose. Gatheru akavua kofia, akainama, akanawa uso kwa yale maji, akanawa tena, na alipoinuka sikujua yapi ni maji ya karai na yapi yake.

Akajikausha na mkono wa koti. "Kennedy," akasema, "huko kwa gari kuna nafasi ya mtu mmoja?"

Giakanja: kiti cha baba

Tulirudi kwa njia ya Kangema na Othaya, wazee wawili mbele wakibishana kuhusu viazi kwa Kiingereza, mimi nyuma na kondoo. Sikulalamika. Nilistahili.

Jumamosi boma lilijaa. Akina mama walikuwa wamepika tangu alfajiri, Conor alikuwa na suti iliyombana, na Wangari alikuwa amefichwa ndani na wenzake, ndivyo inavyotakiwa. Mambo ya mahari ni ya wazee, sitayaweka hapa. Ninayotaka mjue ni kwamba mzungumzaji mmoja alipouliza hawa wageni ni wa mbari gani, kabla Noreen hajafungua mdomo, Gatheru alisimama kutoka kwenye kiti cha baba.

"Ni watoto wa mturi," akasema. Manung'uniko yakapita kwa wazee kama upepo. Akainua mkono. "Mimi ndiye niliogopa kuliko nyinyi wote. Huyu mama amefika kwangu, ametuosha. Kuanzia leo nyumba hii na mturi ni watu wamoja. Mwenye swali aniulize mimi."

Hakuna aliyeuliza. Akageuka kwa Conor.

"Kijana, mtoto wako wa kwanza wa kiume ni wa baba yako. Hiyo ni haki yenu. Wa pili ni wetu. Wa pili ataitwa Muriithi."

Kutoka siku tulipomzika kaka yetu, Gatheru hakuwahi kulitamka jina hilo. Hata mara moja. Alikuwa anasema "yule mdogo", au anaonyesha kwa kidevu upande wa kaburi. Niliogopa hata mimi kulitaja mbele yake. Sasa amelisema mbele ya watu wote, kwa sauti kubwa, na nyinyi mnajua kwetu mtoto haitwi tu kwa jina la babu. Ni yeye mwenyewe amerudi.

Noreen akaniegemea. "Muriithi lina maana gani?"

"Mchungaji," nikamwambia.

"Muriithi McGowan," akasema taratibu, akilipima mdomoni. "Mchungaji, mwana wa mhunzi."

Hapo nikashindwa. Nililia kwa sauti, mbele ya wakwe, na kilemba changu kipya kikanitoka kichwani, na Wangari akatokea mbio kutoka ndani ingawa hakuruhusiwa kuonekana. Ni Gatheru aliyevuka uwanja, akaniokotea kilemba, akakikung'uta vumbi.

"Wewe Nyaguthii," akasema, akinirudishia kilemba kichwani. "Muriithi anarudi nyumbani, na wewe unalia?"